Kabla ya Kununua Tiketi ya Noh, Kesha Kwanza na Kagura

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliyepata nafasi ya kusoma Japani aliniuliza aanzie wapi ili aielewe ngoma ya barakoa ya nchi hiyo, na kama akimbilie Noh, tamthilia ya kale ya barakoa, mjini Tokyo. Aanzie kijijini, kwa kagura, ngoma ya ibada ya miungu ya dini ya Shinto. Ndiyo njia niliyoipita mwenyewe, nami najivunia.

Nilipokuwa mwanafunzi huko, mwenzangu wa darasani alitamka mbele ya watu kwamba kagura ni mchezo wa wakulima usiostahili kuandikiwa tasnifu. Maneno yale yananiuma hadi leo, kwa kuwa hata Noh yenyewe ilichipuka kutoka michezo ya watu wa kawaida: ilitoka katika sarugaku, michezo ya waigizaji waliotumbuiza kwenye mahekalu, ikachota pia katika dengaku, ngoma zenye asili ya upandaji mpunga. Kan'ami na mwanawe Zeami waliipandisha hadhi katika karne ya 14, baada ya shogun (mtawala wa kijeshi) Ashikaga Yoshimitsu kuwafadhili. Asiyejua shina atasifu vipi tawi?

Basi nenda Takachiho, mkoani Miyazaki, kati ya Novemba na Februari, ambako ngoma 33 za kagura huchezwa usiku kucha na wanakijiji wenyewe, mara nyingi ndani ya nyumba ya mmoja wao. Nilikaa karibu kiasi cha kuona jasho likichuruzika kidevuni, chini ya barakoa ya Tajikarao, mungu mwenye nguvu, alipokuwa akiung'oa mlango wa pango alimojificha Amaterasu, mungu wa jua. Kulikuwa kunakaribia kupambazuka, na wazee waliosinzia wakaamka. Usiondoke usiku wa manane, kwani anayeondoka mapema hukosa kisa chenyewe. Vaa nguo nzito, na uchukue shochu, pombe kali ya Kijapani, au fedha kidogo ya kutoa kama sadaka.

Ukishakesha hivyo, ndipo uende Noh. Barakoa yake huchongwa kwa mti wa hinoki na kupakwa unga wa makombe ya baharini uliochanganywa na gundi, na mwigizaji huiinamia kwa heshima kabla ya kuivaa. Akiinua uso kidogo, barakoa huonekana kuchangamka. Akiuinamisha, huingiwa na huzuni, ingawa mti haukubadilika hata kidogo. Chagua kiti kilicho karibu na ujia wanaopitia waigizaji kuingia jukwaani, uzitazame nyayo zao zikiteleza sakafuni bila visigino kunyanyuka.