Floraidi ya majini na floraidi ya kupaka

SWALI: Daktari, ninaishi Usa River, mkoani Arusha. Mwanangu wa miaka saba ameota meno mapya ya mbele, na mawili kati yake yana weupe kama wa chokaa karibu na fizi. Daktari alisema yameanza kuoza, lakini hakuyaziba. Aliyapaka kitu cha manjano kinachonata, akasema ni floraidi na turudi baada ya miezi mitatu. Mama mkwe wangu hataki kusikia. Anasema meno ya watu wa huku ni ya kahawia kwa sababu ya floraidi iliyomo majini, iweje tena tumpake mtoto kitu hicho hicho? Nyumbani nina mwingine wa miaka miwili. – Mama wa wawili

JIBU: Mama, mkweo anasema kweli, na daktari naye anasema kweli. Maji mengi yanayopita katika miamba ya volkano kuzunguka Mlima Meru yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakihesabu kuwa ukomo, na sehemu kama Maji ya Chai huzidi mara kadhaa. Mtoto anapoyanywa wakati meno yake ya ukubwani yangali yanaumbwa ndani ya taya, floraidi hufika huko kwa njia ya damu na kuharibu ujenzi wa enameli, yaani lile ganda gumu la nje, hata jino linapochomoza huwa tayari lina mistari meupe au, pale athari ilipokuwa kubwa, hushika rangi ya kahawia baadaye. Kwa meno ya mbele ujenzi huo hukamilika mtoto akiwa na miaka minne au mitano hivi, kwa hiyo dawa inayopakwa juu ya jino lililokwisha kuota haiwezi kulitia madoa ya aina hiyo.

Kazi ya floraidi ya kupaka ni nyingine kabisa. Kila mtoto anapokula kitu cha sukari, vijidudu vilivyomo katika utando wa meno huigeuza kuwa asidi, na asidi hiyo huchota madini ya kalsiamu na fosfeti kutoka katika enameli. Baadaye mate huyarudisha, taratibu, iwapo yatapata nafasi kabla ya peremende au soda nyingine. Weupe aliouona daktari ni mahali ambapo kuchotwa kumezidi kurudishwa, ingawa uso wa jino haujatoboka. Floraidi ikiwapo hapo huyavuta madini yarudi upesi zaidi, na enameli inayojengwa upya huistahimili asidi kuliko ile ya mwanzo. Ndiyo maana hakuziba: kuziba kungemlazimu kukata sehemu ya jino ambayo bado inaweza kupona.

Huenda mkweo akauliza daktari alijuaje kuwa weupe huo si wa maji. Weupe wa maji kwa kawaida hufanana kwenye meno ya kulia na ya kushoto, nao hukatiza jino kwa mistari. Wa kuoza hukaa pale utando unapojificha, karibu na fizi, na jino likikaushwa huonekana umefifia bila mng'ao. Mtoto wa kwenu anaweza kuwa navyo vyote viwili, kwani jino lenye madoa ya maji nalo huoza.

Hicho kitu cha manjano alichopakwa, kiitwacho vanishi, kina floraidi kali, lakini hupakwa kidogo sana na hushika kwenye jino mara kinapokutana na mate, hivyo kinachomezwa ni kidogo. Mrudishe kwa tarehe aliyopangiwa, kwa sababu kupaka mara moja hakutoshi. Nyumbani apige mswaki asubuhi na kabla ya kulala kwa dawa yenye floraidi, kiasi cha punje ya njegere, ateme povu bila kusukutua kwa maji mengi. Mdogo wake atumie kiasi cha punje ya mchele, nawe umsimamie.

Huyo mdogo ndiye ningemhofia zaidi, kwa sababu ya maji. Kuyachemsha hakuondoi floraidi. Yakipungua jikoni, iliyobaki huwa nzito zaidi. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri yana floraidi kidogo mno, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeshughulikia kwa miaka mingi vichujio vya mkaa wa mifupa, ambavyo hufaa mradi mkaa ubadilishwe unapochoka. Magadi ya kulainishia maharage na makande nayo yana floraidi, kwa hiyo chakula chake kipikwe bila magadi.

SWALI: Jino langu la nyuma lina tundu na huniuma usiku. Je, dawa ya meno yenye floraidi italiziba? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Haitaliziba. Floraidi hurudisha madini mahali ambapo enameli haijabomoka, na maumivu ya usiku mara nyingi huonyesha kuwa uozo umefika kwenye kiini cha jino, kwa hiyo muone daktari wa meno wiki hii. Ipo dawa ya floraidi iliyochanganywa na madini ya fedha, ambayo mwaka 2021 iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na ambayo huzuia uozo usiendelee hata penye tundu, lakini hutumika kabla kiini hakijaguswa, nayo huacha sehemu iliyooza ikiwa nyeusi daima.