Shangazi, kila saa tisa usiku nashtuka

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi pikipiki hapa Isevya, Tabora, nina miaka 34. Mama yetu alifariki mwezi wa nne. Tangu Desemba ianze, jioni nikifunga kazi nakunywa bia nne, nacheka na wenzangu, naona afadhali. Lakini saa tisa usiku nashtuka, moyo unadunda. Embe likidondoka juu ya bati naruka kama nimevamiwa, kisha nalia kimya kimya mke wangu asisikie. Asubuhi nawafokea watoto. Kuna wakati natamani nisiamke tena. Krismasi tunakwenda Sikonge kwa baba, na wanzuki, ile pombe ya asali, kule haikosekani. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu, na poleni sana na msiba.

Naanza na maneno uliyoyapitisha haraka: kwamba unatamani usiamke. Hayo hayasubiri sikukuu ipite. Leo hii, kabla hujagusa bia, mwambie mkeo kama ulivyoniandikia mimi, kisha mwende wote Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, mkamweleze daktari. Mawazo hayo yakichanganyika na pombe ni hatari, kwa sababu pombe huondoa ule woga unaomzuia mtu.

Sasa hiyo saa tisa. Wako watakaokwambia ni marehemu anakuita. Siyo. Bia moja ya mililita 500, ini huchukua saa mbili hivi au zaidi kuimaliza. Ukianza saa kumi na mbili jioni, bia nne zinakwisha mwilini saa nane, saa tisa usiku. Jioni pombe inaupoza ubongo, ndiyo maana unacheka. Ubongo nao unajikaza kushindana nayo. Pombe ikiisha, kule kujikaza bado kupo, na ndiko kunakokurusha kitandani. Huzuni ya mama inakukuta hapo, gizani, huna wa kusema naye. Jioni unakunywa tena ili uusahau usiku ule. Sikulaumu hata kidogo, mwanangu. Nami nilimzika mama yangu, naijua Desemba ya kwanza ilivyo.

Ila ukiona asubuhi mikono inatetemeka na jasho linakutoka mpaka upate ya kuzimua, usiache ghafla ukiwa peke yako. Mwili uliozoea pombe ukinyimwa ghafla unaweza kuanguka kifafa, na watu hufa. Daktari mtajie chupa zote, usifiche hata moja.

Kuhusu Sikonge: wanzuki ni tamu, na ya nyumbani haina kipimo, ya juzi na ya leo hazilingani ukali. Mpigie baba simu kabla hujapanda gari: "Baba, mwaka huu sinywi, siko sawa." Usingoje mpaka kata iko mkononi na wajomba wanakutazama. Wala usidhani mzee mwenyewe yuko sawa. Huenda naye anaamka usiku kwenye kitanda kile kile alicholala na mama yako, na hakuna aliyemuuliza.

Asubuhi ya Krismasi, wageni hawajaanza kuingia, nenda naye makaburini pamoja na watoto. Chukueni jembe, maana kwa mvua hizi majani yatakuwa yamelifunika kaburi. Mwache baba awasimulie wajukuu habari za bibi yao. Machozi yakikujia hapo, lia, mwanangu, watoto wakuone.