Ukitaka kusoma vitabu vya bahari, anzia pale mtu anapopanda chombo

Kama una kitabu cha bahari ulikianza ukakiacha njiani, hii nakuandikia wewe. Mimi Moby-Dick, riwaya ya Herman Melville kuhusu kuwinda nyangumi, ilinishinda mara mbili. Mara ya kwanza nikiwa chuo, nikasoma kurasa nyingi tu, nikaona kamba na milingoti imekuwa mingi kuliko watu, nikarudisha maktaba. Mara ya pili nikanunua kile kitabu chembamba kilichofupishwa kwa ajili ya wanafunzi, nikakimaliza jioni moja nikafurahi, kumbe walichokikata ndo maisha yenyewe ya chomboni, wamebakiza mtu mwenye hasira na nyangumi basi.

Mara ya tatu ndo nimefanikiwa, na sababu ni mjomba wangu wa Tanga.

Mjomba kafanya kazi kwenye majahazi miaka mingi, Tanga na Pemba, mara nyingine Mombasa, mpaka magoti yakakataa. Siku hiyo nilikuwa barazani nasoma kwenye simu, akaniuliza unasoma nini mpaka umekunja uso, nikamwambia ni habari za vijana wawili wanatafuta chombo cha kupanda, akasema haya nisomee basi. Nikaanza kumtafsiria palepale, sentensi kwa sentensi, na hapo ndo nikagundua kwamba nilikuwa naharakia nyangumi wakati mwandishi ameshaanza kusema mambo makubwa kabla hata nanga haijang'olewa.

Hebu ona. Ishmael, kijana anayetusimulia, yuko Nantucket, kisiwa cha Marekani kilichotajirika kwa mafuta ya nyangumi. Anapanda meli inaitwa Pequod kuomba kazi, anakutana na wazee wawili wenye hisa, Peleg na Bildad. Mshahara hakuna, kila mtu anapewa mgawo wa mapato ya safari. Bildad, mcha Mungu kabisa, Biblia mkononi, anapendekeza Ishmael apewe sehemu moja ya 777. Yaani safari ya miaka mitatu, mapato yagawanywe mafungu 777, wewe uchukue moja! Peleg anakasirika, wanagombana pale mbele ya kijana, mwishowe anaandikwa moja ya 300. Mjomba alicheka mpaka akakohoa, manake mgawo anaujua, kwa wavuvi wetu nako chombo kina fungu lake na nyavu zina fungu lake ndo waje watu. Halafu analetwa mwenzake Queequeg, mtu wa visiwa vya mbali, mwili umejaa michoro ya chale, wazee hawamtaki kwa sababu si Mkristo. Yeye habishani, anaruka juu ya ukingo wa meli, anaonyesha tone dogo la lami linaloelea majini, anasema tuseme lile ni jicho la nyangumi, anarusha chusa, ule mkuki wa nyangumi, tone linapotea. Hapohapo akapewa moja ya 90.

Mjomba akanyamaza kidogo, akauliza, "Na nahodha yuko wapi?"

Nikamwambia hajaonekana, wanasema ni mgonjwa kidogo, yuko ndani. Akaweka kikombe cha kahawa chini. "Mwanangu, chombo hupandi hujamuona nahodha usoni."

Nilisisimka, kwa sababu mbele kidogo Ishmael mwenyewe anakiri kitu hichohicho, kwamba moyoni hakupenda kujifunga safari ndefu vile bila kumtia machoni mtu atakayewatawala wote. Mimi sehemu ile nilishaipita na sikuiona. Mzee ambaye kitabu hakijui kaidaka palepale.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ndo huo, tafuta mlango, yaani sura ya kitabu, ambao mtu anapanda chombo, usome polepole, ikiwezekana kwa sauti, na kama una mzee aliyewahi kuishi baharini msomee. Jiulize nani anapanda, kwa mapatano gani, kaacha nini nchi kavu, nani anampokea. Ukipata majibu hayo huko mbele hata mwandishi akuzungushe vipi hupotei.

Katika Moby-Dick mlango wa 21 wenyewe unaitwa hivyo, kupanda chomboni, ni mfupi sana, kama kurasa tatu nne. Alfajiri, ukungu, karibu saa kumi na mbili, vijana wawili wanatembea kuelekea gatini. Ishmael anaona kama mabaharia wanakimbia mbele yao kwenye ukungu. Mzee mmoja wa ajabu anawashika mabega, anawauliza mmewaona watu wanaelekea melini? Wanapanda, kimya, mlango wa chumba cha nahodha umefungwa kwa ndani. Wanashuka chini wanamkuta mtu mmoja tu kalala kifudifudi juu ya masanduku mawili. Queequeg anampapasa kule nyuma kama anapima godoro, anamkalia, anawasha kiko, wanapokezana juu ya mgongo wa aliyelala mpaka moshi unamuamsha, na huyo ndo anawaambia nahodha kapanda usiku. Na wale watu wa kwenye ukungu? Utasoma zaidi ya milango ishirini ndo uwaone wakitokea. Nahodha kapanda gizani, kuna watu wamefichwa, mlango una komeo ndani. Safari nzima iko pale na meli bado imefungwa gatini.

Ukiona Moby-Dick ni kubwa mno kwa kuanzia, anza na Two Years Before the Mast ya Richard Henry Dana, hii si hadithi, ni mambo yaliyomkuta mwenyewe. Alikuwa mwanafunzi wa Harvard, akaugua surua ikamharibu macho, mwaka 1834 akiwa na miaka 19 akaondoka Boston kama baharia wa kawaida kwenye meli ndogo iitwayo Pilgrim, kwenda California kubeba ngozi za ng'ombe. Kupanda kwake napapenda sana, kabadilisha nguo zote kavaa kama baharia anaamini kafanana nao, lakini mabaharia wa kweli wanamjua kwa kumtazama tu, nguo zina mkao wake na mikono yake ni myeupe laini. Halafu bahari ikamtapisha siku kadhaa. Aliyemwokoa ni mpishi wa meli, mzee mweusi, akamwambia sasa tumbo limeshasafishika, tupa baharini vitamutamu vyote ulivyokuja navyo, kula nyama ya chumvi na biskuti ngumu za meli. Akala, akapona. Kitabu kikatoka 1840, na kwa kuwa alishuhudia nahodha akiwachapa watu viboko, aliporudi akawa wakili na akawa anawatetea mabaharia. Mimi sehemu ya viboko niliisoma nikafunga simu nikakaa.

Kuna kupanda kwingine ambako sisi watu wa pwani kunatugusa kwa namna yake, ni kwenye Lord Jim ya Joseph Conrad, ya mwaka 1900. Mahujaji kama mia nane wanapanda meli kuukuu inaitwa Patna. Conrad anawaonyesha wakimiminika kama maji yanavyojaza birika, wanajaa mbele, wanajaa nyuma, wanashuka mpaka chini kabisa, wazee, vijana, wanawake na watoto waliolala, wamekuja kutoka vijiji vya mbali kwa imani tu. Kinachofuata, meli inagonga kitu usiku, maofisa wanaingia kwenye mashua wanawaacha mahujaji wamelala. Na msingi wake ni tukio la kweli, meli Jeddah, 1880, nahodha aliikimbia ikiwa na mahujaji karibu elfu moja, meli ikavutwa salama mpaka Aden na watu wake wazima. Ukiwa umekaa vizuri na ile kurasa ya kupanda, Jim, mmoja wa maofisa hao, anaporuka utaumia kweli. Ukiwa umeirukaruka utaona ni kesi ya mahakamani tu.

Sasa maneno. Hapa wengi ndo wanakwama na mimi nilikwama hapohapo, nilikuwa natafuta neno kwenye kamusi ya Kiingereza inanipa maneno mengine matatu nisiyoyajua. Acha hiyo. Maneno tunayo kwa Kiswahili, na mazuri. Ule mti wa kushikia tanga juu ni foromali. Kamba ya kulipandishia ni henza. Mbele ya chombo ni omo, nyuma ni tezi, uti wa chini ni mkuku, na kule maji machafu yanakokusanyika ndani ni ngama. Nilipomsomea mjomba Youth ya Conrad, ile meli Judea imebeba makaa ya mawe inavuja, watu wanapiga pampu usiku na mchana mpaka wanasahau wako duniani, nilihangaika kueleza, akanikata, "Si wanafua ngama!" Basi. Maneno mawili, na mikono yake ikawa inafanya kile kitendo pale barazani.

Na utakuta mengine ni yaleyale. Kwenye The End of the Tether, ya Conrad pia, kuna nahodha mzee Whalley anapofuka macho kidogokidogo anaficha asipoteze kazi, anamtegemea mzee wa Kimalay anayeitwa Serang. Huyo ni serahangi, msimamizi wa mabaharia! Neno la Kiajemi lililotembea Bahari ya Hindi nzima, likafika kule na likafika kwetu. Na meli yake inaitwa Sofala, jina la ile bandari ya zamani ya dhahabu huko Msumbiji.

Ile milango ya Moby-Dick inayoeleza jinsi nyangumi anavyochunwa na mafuta yanavyochemshwa, usiiruke, ila usiisome mitano kwa mkupuo, soma mmoja usiku mmoja. Melville hakuyatoa hayo hewani, mwaka 1841 mwenyewe alipanda meli ya nyangumi iitwayo Acushnet, na mwaka uliofuata akaitoroka kwenye visiwa vya Marquesas. Vitabu vyote nilivyotaja viko bure Project Gutenberg, simu ya kawaida inatosha.

Juzi tulifika mlango wa 28, ambapo Ahab, yule nahodha, ndo kwanza anatokea juu ya sitaha. Nikamsomea mjomba, ana kovu jeupe refu, mguu mmoja ni mfupa wa taya la nyangumi, kasimama wima anaangalia mbele. Mjomba akafikiri, akaniuliza, "Chombo kikilalia upande, mguu wa mfupa unashika wapi?"

Nikashuka mistari michache. Iko pale. Wametoboa tundu kwenye ubao, kila upande moja, anachomeka mguu wake humo, anashika kamba, anasimama.

"Eeh," mjomba akasema, "huyu aliyeandika alikuwemo. Endelea."