Jibu: kumjenga mchezaji kamili BuzzerBeater (ni refu, vumilieni)

Mbukwenyi wadau. BuzzerBeater ni mchezo wa mtandaoni wa kusimamia timu ya kikapu, na Mkuu aliyefungua uzi kauliza hivi: kapata dogo kwenye drafti (uchaguzi wa vijana wapya), miaka 18, urefu sentimita 198, kipaji kizuri, na anataka awe mtu wa kila kazi, siyo wa kutupa tu. Aanze na zoezi gani? Waliotangulia wamemjibu kwa mstari mmoja: "fundisha kutupa kwanza, mengine yatakuja." Mimi nimeshaharibu vijana wawili kwenye mchezo huu kabla ya kumpata mmoja aliyenyooka, na mengine hayakuwahi kuja yenyewe.

Wa kwanza alikuwa senta (namba 5, yule mrefu wa chini ya goli), sentimita 213. Nilikuwa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wakati huo, nacheza kwa bando la usiku. Sisi Wabongo tuna ugonjwa wa warefu. Nadhani Hasheem Thabeet ndiye alituambukiza: sentimita 221, akachaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA 2009 na Memphis Grizzlies, na tangu hapo kila meneja wa kwetu ukimkuta anatafuta namba 5. Basi nikampiga ribaundi, ulinzi wa ndani, kutupa chini ya goli, wiki baada ya wiki. Akawa jitu kweli. Ukimwangalia takwimu unafurahi, ila kiwango chake cha pasi kilikuwa 2 na kudribo 3. Akibanwa tu, mpira unaondoka.

Halafu msimu ukageuka. Mnajua mishahara haipandi kila wiki, inapangwa upya msimu unapoanza. Wiki 14 nzima nililala nikiota ubingwa, siku ya bili ndiyo nikaamka. Mchezo unapima ujuzi wa mtu kwa kila namba, yaani nafasi ya uwanjani, halafu unamlipa kwa ile namba inayompa hela nyingi zaidi. Mtu ambaye ujuzi wake wote umelundikana ndani anasomeka kama senta wa bei mbaya, hata kama pasi hajui. Tiketi zangu hazikumtosha. Nikamuuza.

Wa pili lilikuwa kosa la tamaa. Nikasema sasa nafundisha kila kitu, tena nafundisha watu sita kwa mpigo. Hesabu inavutia: mechi tatu kwa wiki, kila moja dakika 48, namba moja ina dakika 144 za kugawa. Mchezaji akitaka zoezi kamili anahitaji dakika 48 kwenye namba hiyo, kwa hiyo namba moja inalisha watu watatu. Ukichagua zoezi linalofundisha namba mbili kwa pamoja, wanakula sita. Ila zoezi la namba mbili linapandisha taratibu zaidi, na umri haukusubiri, kila msimu unamwongezea mwaka. Juu ya hapo nikapoteza wiki kadhaa kwenye pumzi na mitupo huru kwa sababu nilitaka mistari yote ilingane. Yule dogo alifika miaka 23 akiwa 6 kila mahali. Huyo siyo mchezaji kamili, huyo ni mtu wa kukaa benchi kwa adabu.

Sasa huyu wa tatu, ndiye karibu kabisa na wa kwako: sentimita 201, namba 3 (fowadi wa pembeni) wa kuzaliwa.

Nilichofanya ni kumnyima namba 3. Msimu wa kwanza na sehemu ya wa pili alicheza namba 1 tu, yule anayeongoza mpira. Pasi, kudribo, ulinzi wa nje. Zoezi la namba moja tu, watu watatu tu. Sababu ni mbili. Ya kwanza, kinachotazamwa ni dakika alizocheza kwenye namba uliyompanga, hakuna anayejali kama anaifaa. Ya pili, ujuzi unavutana: kitu kilichobaki nyuma ya ndugu zake hupanda kwa urahisi kuliko kitu kilichotangulia peke yake. Kudribo ilipofika 8, kupenya kulikuwa kama kuteremka mlima. Hapo ndipo zoezi la mmoja kwa mmoja lilipofanya kazi yake, kwa sababu linagusa kudribo na kupenya kwa pamoja.

Baadaye nikamgeuza kabisa, nikampanga namba 5. Mtoto wa sentimita 201 anakabana na majitu ya 215! Nilipigwa. Kuna wiki nilifungwa mechi zote mbili za ligi na jamaa wa Poland akaniandikia ujumbe kuuliza kama nimeacha mchezo. Mjomba wangu ana mizabibu kule Hombolo, Dodoma. Akishapogoa, shamba linaonekana kama limeungua, na mpita njia anamhurumia. Timu yangu ilikuwa hivyo misimu miwili. Lakini ulinzi wa ndani ulitoka 4 ukafika 9, na ribaundi ikaufuata.

Kutupa nikaacha hadi mwisho. Najua hapa tutabishana. Urefu unaamua kasi: wafupi hujifunza ya nje upesi, warefu ya ndani. Wa katikati kama wa kwako hana upande anaokimbia wala anaokwama, kwa hiyo una uhuru wa kupanga. Mimi nikichagua, yale ya kazi chafu nayamaliza angali mdogo, maana akifika miaka 21 au 22 huna tena moyo wa kumpanga namba 5. Unataka kushinda. Kutupa, hata meneja mwenye njaa ya ushindi atamfundisha mchezaji wake, kwa sababu kunaonekana kwenye pointi. Nani amewahi kumfundisha mtu wa miaka 25 ulinzi wa ndani kwa kupenda?

Matokeo: mshahara wake ulikuwa chini ya ule wa senta wangu wa akiba, wakati yeye ndiye aliyekuwa anabeba timu. Hakukuwa na namba moja ambayo mchezo ungemsoma kama mfalme. Na kikomo cha kipaji (mwisho wa kupanda kwa mchezaji) nacho kinasoma vilevile, ndiyo maana aliyesambaa anabeba ujuzi mwingi kwa jumla kabla ya mazoezi kuanza kugoma, kuliko aliyelundika upande mmoja.

Dakika sasa, maana hapa ndipo wengi wanapoliwa. Unampanga aanze, unadhani atafika 48, Ijumaa ya mazoezi unakuta kapata 37. Mpange yeye yule kama wa kuanza, wa kumpokea na wa akiba, ili kocha wa kompyuta asimtoe. Tumia mechi ya kirafiki, ile hata ukifungwa 40 haikuumi. Ila hata hivyo jiandae. Wiki moja dogo wangu alikula faulo 6 mapema akatoka na dakika 31, na nilikuwa nimemwekea mechi hiyo moja tu. Siku hizi namwachia dakika za ziada kwenye mechi ya ligi. Usizidishe lakini: akichezeshwa mechi mbili nzima na kipande, hali yake ya kimchezo inashuka na unaanza kulalamika kwamba mchezo una roho mbaya.

Umeme ukikatika kwenu (watu wa Nkuhungu tunajuana), panga kikosi tangu usiku uliotangulia. Mimi napangia kwenye daladala.

Kwa hiyo Mkuu, kwa dogo wako: wiki hii mpange namba 1, zoezi la pasi au kudribo, na tafuta wenzake wawili tu wa kugawana dakika. Watatu, usiongeze wa nne kwa huruma. Kutoka 18 hadi 25 ni misimu saba, wiki 98, karibu miaka miwili ya kalenda yetu. Kama unaona huwezi kuvumilia kupigwa muda huo, muuze sasa hivi akiwa 18, bei yake haitakuwa nzuri hivi tena ukimshika nusunusu.

Kitu kimoja hujasema. Weka hapa viwango vyake vyote, hasa kudribo na ulinzi wa ndani. Kama ulinzi wa ndani umeanzia 6 au 7, na kudribo iko 2, nitabadilisha nilichosema kuhusu msimu wa kwanza: hapo ningeanza naye namba 5.