Maswali ya Wasomaji: Jiko la Presha, Senene Ukweni na Namba ya Siri

Barua nne tulizochagua mwezi huu zimetoka mikoa tofauti, lakini zote zinazungumzia kitu kigeni kilichoingia nyumbani au mezani huku mwandishi wake akiwa hajui aanzie wapi. Mbili kati yake zimehitaji maelezo marefu.

Swali: *Wanangu walioko Dar es Salaam wameniletea jiko la umeme la presha. Nina umri wa miaka 58 na maisha yangu yote nimepika maharage kwa mkaa. Jiko limekaa kwenye boksi tangu Pasaka, kwa sababu wifi yangu ameniambia kwamba vyungu vya presha hulipuka, na jirani anadai kuwa umeme utaniishia kwa siku mbili. Watoto wakipiga simu nawaambia nalitumia. Nifanyeje? – Mama wa Kihonda, Morogoro*

Jibu: Mama, hofu ya wifi yako ina asili yake. Sufuria za presha za zamani, zile za kuteleka juu ya moto, zilimtegemea mpishi kwa kila kitu: moto uliendelea kuwaka, na kama tundu la kutolea mvuke liliziba kwa maganda ya maharage, mvuke ulikosa pa kupitia. Jiko la umeme linapima joto na presha lenyewe, hukata umeme likifika kiwango chake, na mfuniko wake haukubali kufunguka wakati presha bado imo ndani. Hata hivyo, lina masharti ambayo ni lazima yafuatwe. Mpira wa mfuniko ukae sawasawa kila unapofunga, tundu la mvuke lisafishwe baada ya kila mapishi, na chungu kisijazwe kupita theluthi mbili. Kwa maharage, ambayo huvimba na kutoa povu, usipite nusu.

Ni vizuri pia ujue linavyofanya kazi, kwa kuwa mtu hukiogopa zaidi kitu ambacho haelewi kinachoendelea ndani yake. Katika sufuria ya kawaida maji huchemka yakifikia takribani nyuzi joto 100, na hata ukiongeza mkaa kiasi gani hayapandi zaidi ya hapo. Mvuke ukifungiwa, maji hupanda hadi kati ya nyuzi 115 na 120, na ndiyo sababu maharage yanayokaa jikoni kwa saa mbili au tatu huiva kwa muda wa kama saa moja tu, pengine pungufu ukiyaloweka usiku.

Kuhusu umeme, usimwamini jirani wala mimi. Iamini mita yako ya LUKU. Zima vifaa vingine, soma uniti zilizobaki kabla ya kupika, kisha usome tena maharage yakiiva. Jiko la wati 1,000 likiwaka saa nzima bila kukata hula uniti moja. Kwa kuwa likishapata presha hukata na kuwaka kidogo kidogo, chungu chako cha maharage hakitafika hapo. Linganisha na bei ya mkaa unaoutumia kwa chungu hicho hicho, uamue mwenyewe.

Siku ya kwanza usipike chakula. Tia lita moja ya maji, funga mfuniko, geuza kitufe cha mvuke upande wa kufunga, weka dakika chache, kisha kaa karibu uangalie. Utasikia mvuke ukianza kutoka kwa sauti ndogo, halafu kile kipini kidogo cha kwenye mfuniko kitanyanyuka na sauti itakoma. Hapo presha imeshika. Jiko likimaliza, liache hadi kipini kishuke chenyewe ndipo ufungue. Ukishayaona hayo kwa macho yako, maharage hayatakutisha. Tui la nazi litie baada ya kufungua mfuniko, kwa sababu likipikwa kwa presha hukatika. Na umeme ukikatika katikati ya mapishi, usifungue. Joto lililomo huendelea kuivisha.

Wala hulazimiki kutupa jiko la mkaa. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unakusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, na sababu ni nzito: Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka wa 2020. Anza na vile vyakula vinavyokaa motoni muda mrefu, yaani maharage, makande na nyama ngumu, kwa sababu hapo ndipo unapovuta moshi mwingi zaidi. Chapati endelea kuzichoma unakojua. Watoto nao waambie ukweli, kisha umwombe mmoja wao aje siku ya mapumziko mpike pamoja. Nina hakika watafurahi kuombwa.

Swali: *Mimi ni kijana wa Tanga na mwaka jana nimeoa Mhaya. Mwezi wa Novemba tunakwenda Bukoba kwa wakwe, na mke wangu anasema msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, utakuwa umeanza na mama mkwe hataacha kuniandalia. Sijawahi kula mdudu, na nikifikiria tu naona kinyaa. Sitaki kumvunjia heshima. – Mkwe Mpya, Tanga*

Jibu: Ndugu yangu, kuona kinyaa si utovu wa adabu. Mwili wa binadamu umezoea kukishuku kile ambacho haukukionja utotoni, na Mhaya aliyekulia mbali na bahari anaweza kumtazama pweza wa Tanga vile vile unavyowatazama senene. Wewe bila shaka unakula kamba wa baharini, ambaye ana miguu mingi, ndevu ndefu na gamba. Senene na kamba ni ndugu wa mbali katika ukoo wa wanyama. Ripoti ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2013 ilikadiria kwamba wadudu ni sehemu ya chakula cha watu wapatao bilioni 2, na kwamba aina zaidi ya 1,900 huliwa. Hata mahindi ya ugali wetu yalitoka Meksiko na kufika pwani hii baada ya Wareno kuanza kuja, kwa hiyo wapo mababu zetu ambao siku moja waliyatazama kwa mashaka.

Undugu huo wa senene na kamba una jambo moja la hatari ambalo sitaki ulipuuze. Kama kamba, kaa au kambamiti hukuwasha mwili, hukuvimbisha midomo au hukubana kifua, usionje senene kabisa, kwa kuwa kinachokudhuru katika vyakula hivyo kimo pia ndani ya wadudu. Katika hali hiyo mke wako amweleze mama yake mapema kabla ya safari, na hakuna mzazi atakayekulaumu.

Kama huna tatizo hilo, nakushauri usisubiri sahani iliyokwisha kupakuliwa mbele ya watu. Omba uone wanavyoandaliwa. Senene hunyofolewa mbawa, miguu na ndevu, kazi ya kukaa chini kwa muda mrefu huku watu wakizungumza, kisha huoshwa na kutiwa chumvi. Hukaangwa katika kikaango kisichohitaji mafuta mengi kwa sababu wao wenyewe wana mafuta ya kutosha, na huachwa hadi wabadilike rangi na kuwa wakavu. Ukikaa hapo ukasaidia kunyofoa, utakuwa umeshawashika kwa vidole vyako, utakuwa umeshaizoea harufu ya kukaangwa, na kitakachobaki ni hatua fupi tu ya mdomoni. Chukua mmoja, aliyekauka vizuri, umtafune moja kwa moja bila kumkagua sana. Ladha yake inakaribia ya karanga za kukaanga, yenye mafuta zaidi. Kama wewe ni Mwislamu na una shaka, unajua kwamba nzige wametajwa katika hadithi kuwa halali. Hata hivyo kwa senene muulize sheikh wako kabla ya kuondoka, ili usianze kubishana na nafsi yako mezani.

Ukishaonja na hukupenda, sema: "Mama, nimeonja, asante, bado nazoea." Kwa mama mkwe, mkwe aliyekaa jikoni akanyofoa mbawa ameshatoa heshima yote iliyotakiwa.

Swali: *Mimi ni mwalimu mstaafu. Mjukuu wangu ndiye anayenitumia na kunitolea pesa kwa simu, na namba yangu ya siri anaijua yeye. Nataka kujifunza lakini naogopa kupoteza pesa. – Mstaafu, Dodoma*

Jibu: Mwalimu, shikamoo. Jambo la kwanza ni kubadili namba hiyo ya siri leo, bila kumshutumu mjukuu. Mweleze tu kwamba sasa unajifunza. Kisha mkae pamoja, simu iwe mikononi mwako na yeye aongee tu bila kuigusa. Mtumie shilingi elfu moja, akurudishie, mrudie tena mpaka vidole vizoee. Kabla ya kuthibitisha muamala, simu huonyesha jina la mpokeaji: lisome kwa sauti, na kama silo, futa.

Huduma hizi zenyewe hazina umri mkubwa. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008, na kabla ya hapo wengi wetu tulikuwa tukimkabidhi dereva wa basi bahasha. Wezi nao wamejifunza haraka. Ukipata ujumbe usemao "ile pesa itume kwenye namba hii", au mtu akikupigia akidai amekosea kutuma na anataka umrudishie, usitume chochote. Angalia salio lako kwanza, kisha piga namba ya huduma kwa wateja. Mtu yeyote akikuuliza namba ya siri, hata akijitambulisha kuwa ni mfanyakazi wa kampuni ya simu, kata simu.

Swali: *Mwanangu wa miaka mitatu anakataa viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa. Nimlazimishe? – Mama Mdogo, Mwanza*

Jibu: Usimlazimishe. Watafiti wa lishe ya watoto wameona kwamba mtoto huweza kuhitaji kupewa chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali, na wazazi wengi hukata tamaa mapema mno. Weka kipande kidogo kando ya chakula anachokipenda, wewe mwenyewe ukile mbele yake, na akikiacha usiseme neno. Usichoke, kwa kuwa rangi ile ya chungwa ndiyo ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho yake na kinga ya mwili wake. Ukichanganya kiazi na karanga za kusaga au mafuta kidogo, mwili wake utaipokea vizuri zaidi.