Uliza Tukujibu: Samaki Hajaonekana, Kahesabiwaje?

Wiki hii barua zenu nyingi zimeangukia kwenye mambo ya utafiti, sijui kuna nini huko mitaani, labda ndo msimu wa wadadisi kupita na tableti zao. Mimi mwenyewe nimetembea na fomu za watu miaka mingi kabla sijapewa kona hii, nimefukuzwa na mbwa Buswelu na nimelishwa michembe Misungwi, kwa hiyo mmefika penyewe. Nimechagua sita, zingine zitasubiri.

Mwangaluka dada. Mi ni mvuvi wa sangara huku Kayenze. Kuna meli ya utafiti inapita tu, inaenda inarudi, haitegi nyavu kama sisi wala ndoano, halafu baadae tunaskia redioni eti sangara wamekuwa kiasi fulani, tani ngapi sijui, na sheria zinabana. Samaki hajaonekana kahesabiwaje? Au wanakaa tu ofisini wanapanga namba? — Mvuvi, Kayenze

Mwangaluka kaka. Hawapangi ofisini, ila hasira yako naielewa na sehemu yake iko sahihi, nitafika hapo.

Wewe unalijua bondo kuliko mimi, si ndo hilo hilo wanalolikimbilia wanunuzi mpaka lina bei kuliko mnofu. Sasa bondo ni mfuko wa hewa, na sauti ikipita kwenye maji ikikutana na hewa inagonga inarudi. Ile meli chini yake ina kifaa kinachotupa mlio kwenda chini mara nyingi kila dakika, mlio ukikuta bondo unarudi, kifaa kinapima umerudi baada ya muda gani (hapo wanajua kina) na umerudi na nguvu kiasi gani (hapo wanakisia ukubwa wa samaki). Yaani kinachohesabiwa ni mabondo yakiwa bado tumboni mwa samaki. Ndo maana unaona inaenda inarudi, inafuata mistari waliyochora kwenye ramani, halafu walichokipata kwenye ile mistari wanakizidisha kwa eneo la ziwa. Na kwa kuwa mlio hausemi huyu ni sangara huyu ni furu (wale samaki wadogo wadogo wa ziwani) kwa jina, kuna sehemu wanashusha nyavu ya kukokota wapate sampuli waone nani yuko huko chini na kwa uwiano gani. Wewe umeiona ikipita tu, hukuiona ikikokota.

Sasa upande wako. Ziwa Victoria lina kilometa za mraba kama 68,800, asilimia 51 ni ya kwetu, 43 Uganda na 6 Kenya, na meli kubwa haiingii kwenye vina vifupi kwenye matete na miamba ambako wengi wenu ndo mnavua. Halafu kile kifaa hakioni vizuri samaki aliye juu kabisa ya maji wala aliyelala karibu na tope. Kwa hiyo wewe ukisema "mbona kwetu wapo" na wao wakisema "wamepungua" inawezekana wote mnasema kweli, kila mtu kaongelea maji yake. Namba yao ni ya ziwa zima, ya kwako ni ya Kayenze, na akija mtu kukubana wewe wa Kayenze kwa kutumia namba ya ziwa zima una haki kabisa ya kumuuliza hapa kwetu mlipima lini na wapi.

Ila na nyie mjirekebishe jamani. Wanapojaribu kuziba hilo pengo wanaleta watu mwaloni kupima samaki kwa rula na kuuliza umepata kilo ngapi. Nimewahi kukaa pale na daftari, mtu ananiambia leo mbaya nimepata kilo tano, mtumbwi umekaa chini maji yanakaribia kuingia. Anaogopa ushuru. Mimi naandika tano, na hiyo tano inaenda mpaka kwenye ripoti, halafu kesho mnalalamika ripoti inasema samaki wamekwisha!

Shikamoo. Miaka ya tisini tulitangaziwa kuwa utafiti uliofanyika mkoani Mwanza umeonyesha kutibu magonjwa ya zinaa kunapunguza maambukizi ya UKIMWI. Baadaye nikasoma kuwa Uganda walifanya hivyo hivyo wakakuta hakuna tofauti. Nani alidanganya? — Mwalimu mstaafu, Nansio

Mwalimu marahaba, ila na mimi nakupa shikamoo yangu maana umri huo wa kustaafu sijaufikia.

Hakudanganya mtu. Hili nalipenda sana kulieleza kwa sababu watu wengi wakiskia tafiti mbili zimegongana wanatupa zote mbili.

Wa Mwanza, uliotoka 1995, walichukua jamii 12 wakazipanga jozi 6, kila jozi zinafanana, moja ya kando ya ziwa na mwenzie wa kando ya ziwa, ya barabarani na ya barabarani. Katika kila jozi moja wakaboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati na vituo vya afya, yaani dawa zipo muda wote na mganga kafundishwa kutibu kwa kuangalia dalili, anayeumwa anaenda anatibiwa. Nyingine ikaendelea kama kawaida (ikaja kupewa baadae). Baada ya miaka miwili, kule kulikoboreshwa watu wapya walioambukizwa VVU ni asilimia 1.2, kwingine 1.9. Ukizingatia tofauti za zile jozi ni pungufu ya kama asilimia 40. Dunia nzima ikashtuka, na zahanati za kawaida kabisa za huku kwetu ndo zilizofanya hivyo.

Wa Rakai, Uganda, ulitoka 1999. Sasa angalia hapa mwalimu: wao hawakuboresha zahanati. Walienda nyumba kwa nyumba, kila baada ya miezi 10, wakawapa dawa watu wazima wote anayeumwa na asiyeumwa. Ni swali lingine hilo! Ukitibiwa Januari ukapata kaswende Machi, unasubiri mpaka Novemba ndo wapite tena, wakati wa Mwanza angeenda zahanati Machi ile ile. Na kitu cha pili, UKIMWI wenyewe haukuwa wa umri mmoja. Mwanza wakati ule wenye maambukizi walikuwa kama asilimia 4 ya watu wazima, Rakai kama 16. Ugonjwa ukishakuwa mkubwa hivyo wengi wanaambukizwa na mwenza wao wa siku zote ambaye wala hana kidonda wala usaha, kwa hiyo hata ukitibu magonjwa ya zinaa yote unakuwa umeugusa upande mdogo tu wa moto.

Waliobishana baadae wakaja kukubaliana kwa kiasi kikubwa kwamba zote mbili zilikuwa sawa kwa mahali pake na wakati wake. Umefundisha hesabu au historia? Kama ni hesabu utacheka, maana ni kama wanafunzi wawili wamepata majibu tofauti, ukiangalia vizuri unakuta kila mmoja alikopi swali lake ubaoni.

Dada mi nina binti, kuna wakati zilikuwepo habari za mabinti wa Mwanza kutolewa damu kwa ajili ya chanjo ya saratani. Sasa mwanzo chanjo ilikuwa mara mbili, saivi wanasema moja inatosha. Si ina maana walijaribia kwa watoto wetu? Bibi yake anasema hao ni mumiani tu. — Mama wa Igoma

Mama mwenzangu, msalimie bibi, na umwambie mumiani hakupi fomu usaini.

Ndio, ulikuwa utafiti na ulifanyika hapa hapa. Mabinti 930 wa miaka 9 mpaka 14, ulianza 2017. Wakagawanywa makundi sita kwa bahati nasibu, chanjo aina mbili, na kila aina wapo wa dozi moja, wa mbili na wa tatu. Chanjo zenyewe hazikuwa za kubahatisha, zilishapitishwa zamani na zinatumika duniani, kilichoulizwa ni je tunazitumia nyingi kuliko inavyohitajika? Damu ilitolewa ili kuona askari wa mwili waliotengenezwa na chanjo ni wangapi na wanakaa muda gani. Huwezi kusubiri uone nani atapata saratani ya mlango wa kizazi, hiyo inachukua miaka mingi sana, kwa hiyo walilinganisha askari wa mabinti wetu na wa wanawake wa nchi zingine ambao tayari ilishaonekana dozi moja imewakinga. Na Kenya nao wakawa na wa kwao, Kisumu ikiwemo, uliofuatilia virusi vyenyewe vinavyoleta hiyo saratani kwa wasichana wakubwa kidogo, dozi moja ikakinga vizuri sana. Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja 2022, Tanzania ikahama 2024.

Kwa hiyo "walijaribia watoto wetu" ni kweli kama maana yako ni kwamba watoto wetu ndo walitoa jibu. Wazazi walitakiwa kusaini na mtoto mwenyewe kukubali, mmoja akikataa basi, na hata ukishakubali unaweza kujitoa bila kueleza sababu. Mi kinachoniuma ni kwamba wazazi wengi walisaini na hawajawahi kuskia jibu lilikuwaje, mpaka wanakuja kuliskia kwa bibi likiwa limeshageuka mumiani.

Mambo dada, niko chuo Malimbe namalizia masters. Msimamizi wangu hajibu meseji mwezi wa pili huu. Nimepata imeili kutoka jarida la kimataifa wanaisifia kazi yangu wanasema watachapisha ndani ya siku tatu kwa dola 150. Nilipe? — Mwanafunzi

Usilipe mdogo wangu. Tena umeipata wapi hiyo sifa wakati kazi yenyewe hujaitoa?

Mi nimeliwa, nakuambia kabisa. Kuna jarida moja miaka ile nikalipa, wakanitumia "maoni ya wahakiki" mistari miwili, ya kwanza good paper, ya pili rekebisha koma. Baadae naenda kuomba kazi, aliyekaa mbele yangu anaangalia lile jina la jarida halafu ananiangalia mimi kwa huruma.

Jarida la kweli kazi yako inapelekwa kwa watu wawili watatu wanaojua hiyo mada, wanaisoma kwa hasira, wanakurudishia maswali mpaka unalia, na hiyo inachukua miezi. Siku tatu hakuna mtu amesoma. Kulipia chenyewe sio dalili ya utapeli, yapo mazuri yanatoza kwa sababu msomaji anasoma bure, na mengi yana msamaha kwa waandishi wa nchi kama yetu ukiomba. Angalia kama limo kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure, au kama ni la Afrika kwenye AJOL, tovuti ya majarida ya Afrika, tafuta wahariri wao kama ni watu wanaoonekana kwenye kurasa za vyuo vyao, na muulize mkutubi, wale watu mnawapita tu pale mlangoni wakati ndo wanajua kila kitu. Usidanganyike na ISSN, hiyo ni namba ya utambulisho tu, haisemi jarida ni zuri. Na kama kazi yako ni ya lugha usione aibu kuipeleka kwa majarida ya Kiswahili, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna Kiswahili na Mulika.

Kuhusu msimamizi acha meseji, nenda ofisini na sura moja iliyochapishwa kwenye karatasi. Meseji ya "nimekwama" inasahaulika, karatasi inakaa mezani inamtazama.

Nimesomesha kijana kwa kuuza dagaa, sasa anasema anataka kusomea furu. Furu! Faida yake nini? — Baba, Kirumba

Mzee wangu pole. Lakini skia. 1977 Waholanzi wa Leiden walianza kuwasoma furu hapa Ghuba ya Mwanza, wanawatofautisha meno, rangi, anachokula, na nadhani wengi walijiuliza swali lako hilo hilo. Miaka michache mbele sangara akajaa, furu wakafagiliwa, na yale madaftari yakabaki ndo kumbukumbu ya ziwa lilivyokuwa kabla. Hakuna aliyejua yatakuja kuhitajika. Na ziwa hili lenyewe liliwahi kukauka, tope lililochimbwa chini yake lilikutwa na vimizizi vya majani, miaka kama 15,000 iliyopita, kwa hiyo aina zaidi ya 500 za furu kuzuka ndani ya muda mfupi hivyo ni jambo linalowaumiza vichwa wataalamu dunia nzima mpaka leo. Atasafiri huyo kijana kuliko wauza sangara. Pesa sikuahidi.

Huku Kisesa tunahojiwa na kupimwa tangu niko mdogo. Majibu yanaenda wapi na sisi tunapata nini? — Msomaji, Kisesa

Kisesa wanafuatiliwa tangu 1994, kaya kwa kaya, nani kazaliwa nani kafa nani kahama, na vipimo vya VVU. Thamani yake ni huo urefu, kwa sababu dawa za kufubaza zilipokuja ilionekana wazi watu walikuwa wanakufa lini na wakaacha kufa lini. Unachopata wewe kwa siku ile ni nauli au fidia ya muda wako basi, usitegemee zaidi, na yeyote anayekuahidi makubwa ili usaini huyo mkatae.

Lakini mrejesho ni haki yako. Ile karatasi waliyokuachia kuna namba ya mtafiti mkuu na namba ya kamati ya maadili, mara nyingi ziko chini kabisa kwa maandishi madogo. Wengi mnafungia nayo karanga. Itafute, ita na mwenyekiti wa kitongoji, pigeni hiyo namba mkiwa wengi, mseme mnataka mkutano na mnataka uwe kwa Kisukuma.