Wakwe wanataka nibadilishe jina

*Shangazi, nimechumbiwa na nikahi imekaribia. Mama mkwe anasema jina langu maana yake ni muasi, na kwamba Mtume mwenyewe alilibadilisha. Anataka niolewe kwa jina jingine. Nifanyeje? – Asiya*

Mwanangu Asiya,

Usilibadilishe. Mama mkwe hakutunga, kisa anachokitaja kipo kweli, ila si cha jina lako.

Katika Sahihi Muslim imepokewa kuwa Umar alikuwa na binti aliyeitwa kwa jina hilo la muasi, na Mtume (s.a.w.) akamwita Jamila. Jina la binti huyo huandikwa kwa herufi za Kiarabu aini na swadi, na ndiko lilikotoka neno letu kuasi. Lako linaanza na alifu yenye madda, yaani alama ya kuvuta sauti, kisha sini, na shina lake ni kutibu jeraha na kumliwaza mwenye huzuni. Anayejua Kiarabu akiyasikia hayamchanganyi. Sisi tunayaandika yote mawili kwa herufi za Kilatini, aini ikapotea na swadi ikawa s, basi mama wa watu akaingiwa na hofu.

Tena tazama nani alikutangulia kuitwa hivyo! Asiya binti Muzahim, mke wa Firauni, aliyemkingia kifua mtoto Musa asiuawe. Qurani haimtaji kwa jina, jina limetufikia kwa hadithi, lakini dua yake imo katika Suratut Tahrim, aya ya 11. Mwanamke anaishi katika kasri la mfalme, naye anamwomba Mola wake amjengee nyumba Peponi na amwokoe na Firauni na vitendo vyake. Aya hiyo kila nikiisoma mwili hunisisimka. Na Bukhari amepokea kuwa Mtume alimtaja pamoja na Maryamu miongoni mwa wanawake waliofikia ukamilifu.

Sasa, usiende kumsomesha mama mkwe wewe. Kazi hiyo ni ya mchumba wako. Ayaandike majina yote mawili kwa hati za Kiarabu kwenye karatasi moja, amwonyeshe mamake kwa adabu, ikibidi mbele ya shehe anayemwamini. Nawe kagua jina lako kokote lilikoandikwa kwa Kiarabu. Kama mwandishi aliteleza akaweka aini, yarekebishwe maandishi, jina libaki.

Mchumba akisita kusema na mamake, niandikie tena kabla ya nikahi. Hilo nataka tulizungumze peke yake.